Kuchagua Hifadhi ya Data Isiyolemea Mazingira: Mwongozo kwa Biashara za Nairobi

Mfanyabiashara anayetaka kuhifadhi data bila kuyaumiza mazingira aghalabu huanza kwa kumuuliza muuzaji ni kifaa gani kinachotumia umeme mdogo zaidi. Swali hilo ni halali, ila huulizwa mapema mno. Linatanguliwa na maswali matatu yenye uzito kulishinda: ni data gani inayostahili kuwekwa, umeme wa kuitunza unatoka wapi, na vifaa vitakavyonunuliwa vitatumika kwa miaka mingapi kabla havijawa taka. Nimeyapanga hivyo kwa makusudi, kwa kuwa gigabaiti isiyohifadhiwa haihitaji umeme, diski wala kiyoyozi. Ninaandika pia kwa ajili ya Nairobi mahususi, kwa maana ushauri mwingi unaosambaa mitandaoni ulitungwa kwa miji ambayo umeme wake haufanani na wetu, na sehemu ya ushauri huo ikifuatwa hapa huleta matokeo kinyume na yale yaliyokusudiwa.

Hesabu kwanza ulicho nacho

Tenga wiki moja ya kuhesabu. Mwombe msimamizi wa kompyuta, au mfanyakazi anayeshughulikia kompyuta iwapo kampuni haina idara hiyo, aorodheshe kila mahali palipo na data ya kampuni: seva, kompyuta za mezani, diski za nje zilizofungiwa kabatini, akaunti za wingu (yaani hifadhi ya kukodi kupitia intaneti), simu za wafanyakazi wa mauzo, na kinasa cha kamera za usalama. Kwa kila mahali aandike ukubwa wa data, lini faili zilifunguliwa kwa mara ya mwisho, na jina la mtu mwenye mamlaka ya kuamuru zifutwe. Safu hii ya mwisho isiachwe wazi hata kidogo. Data isiyo na mwenyewe hakuna anayethubutu kuifuta, na mwaka baada ya mwaka hunakiliwa kutoka seva kuukuu kwenda seva mpya, ikinunuliwa diski na kulipiwa umeme ilhali hakuna aliyewahi kuiuliza.

Katika zoezi hilo marudio hujitokeza haraka. Orodha moja ya bei iliyotumwa kwa barua pepe kwa wafanyakazi 40 inaweza kuwa imekaa mara 40, na kila nakala rudufu ya usiku huibeba tena. Programu nyingi za nakala rudufu zina uwezo wa kutambua marudio na kuyahifadhi mara moja tu, pamoja na uwezo wa kubana faili, lakini mara nyingi uwezo huo huachwa umezimwa tangu siku programu ilipowekwa. Hakikisha umewashwa kabla ya kununua chochote.

Hata hivyo, mahali penye faida kubwa kuliko pote ni kamera za usalama, na hapa ninamsihi msomaji atulie kidogo. Katika maduka ya jumla, maghala ya Eneo la Viwanda, shule, zahanati na majengo ya kupangisha, picha za kamera huchukua nafasi kubwa kuliko hesabu za fedha, mikataba na barua zote zikiwekwa pamoja. Kamera moja inayorekodi kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, mchana na usiku, huzalisha takriban gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera 16 huzalisha karibu gigabaiti 346. Ukitaka kuziweka kwa siku 30 unahitaji terabaiti 10 na kitu, na ukiambiwa na fundi kwamba siku 90 ndizo salama zaidi, mahitaji hayo hupanda hadi terabaiti 31. Tofauti kati ya siku 30 na siku 90 basi ni diski kadhaa zinazozunguka bila kupumzika kwa miaka, na mara nyingi imeamuliwa na mtu aliyekuwa juu ya ngazi akifunga waya, bila mwenye biashara kuulizwa.

Uamuzi huo urejeshwe kwa mwenye biashara. Ulizeni mnahitaji picha za zamani kiasi gani: tukio la wizi hugunduliwa baada ya siku ngapi, kampuni ya bima inadai nini, na polisi wamewahi kuhitaji picha za kuanzia lini. Kisha angalieni mipangilio ya kinasa. Mfumo wa kubana video wa H.265 huhitaji takriban nusu ya nafasi inayohitajiwa na H.264 kwa picha za ubora uleule, na vinasa vingi vilivyouzwa miaka ya karibuni vinao. Kamera ya ukumbi usiopitwa na watu usiku inaweza kurekodi panapotokea mwendo tu. Kamera ya stoo haihitaji fremu 25 kwa sekunde. Fremu 10 zinatosha kumtambua aliyeingia. Mipangilio hii haigharimu shilingi, na biashara iliyokuwa karibu kununua kinasa kipya huenda ikagundua kwamba kilichopo kinatosha.

Sheria nayo iko upande wa anayepunguza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakataza kuweka data ya mtu binafsi kwa muda unaozidi ule unaohitajika kwa madhumuni yaliyofanya ikusanywe, na sura ya mteja iliyonaswa na kamera yako ni data ya mtu binafsi. Kuna pia sheria zinazolazimisha kuhifadhi: kumbukumbu za ushuru huwekwa kwa miaka mitano, na taasisi za fedha zina masharti marefu zaidi. Andika jedwali moja lenye aina za data, muda wa kila aina, na sababu ya muda huo, kisha uamuru mitambo ifute yenyewe muda unapokwisha, isipokuwa pale kesi au uchunguzi unapoendelea. Mwanasheria alipitie jedwali hilo mara moja. Kazi hii huonekana ya makaratasi, lakini ndiyo hatua ya mazingira iliyo nafuu kuliko zote zitakazofuata.

Umeme wa wapi?

Baada ya kujua ukubwa halisi wa data, uliza itakaa mji gani. Ushauri wa kawaida wa kigeni ni kwamba biashara ihamie kwenye wingu, kwa sababu vituo vikubwa vya data vina ufanisi kuliko chumba cha ofisi. Hilo la ufanisi ni kweli. Kinachosahaulika ni kwamba ufanisi ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni kile kinachochomwa ili kuzalisha umeme wenyewe.

Karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya hutoka katika vyanzo jadidifu. Mvuke wa jotoardhi wa Olkaria, karibu na Naivasha, ndio unaoongoza. Yanafuata mabwawa ya Mto Tana kuanzia Masinga hadi Kiambere, mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana yenye uwezo wa megawati 310, na mashamba ya jua kama lile la Garissa la megawati 50. Kwa upande mwingine, vituo vya wingu vya kampuni kubwa za kimataifa vilivyo karibu nasi viko Afrika Kusini: Microsoft ilifungua chake Johannesburg mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa nchi hiyo hutokana na makaa ya mawe. Kwa hiyo uniti moja ya umeme (kilowati-saa) inayotumiwa huko hutoa kaboni mara kadhaa zaidi ya uniti inayotumiwa Nairobi, na hakuna ufanisi wa kiyoyozi unaoweza kuifidia tofauti ya ukubwa huo.

Mtoa huduma wa wingu atajibu kwamba kampuni yake hununua kawi safi inayolingana na umeme wote inaoutumia. Jibu hilo lisipuuzwe, kwa kuwa mikataba ya namna hiyo imesaidia mashamba mengi ya jua na upepo kujengwa. Lakini lieleweke. Kuna hesabu inayotazama mikataba na vyeti vilivyonunuliwa, ambapo umeme wa makaa unaotumiwa Johannesburg saa mbili usiku unaweza kufutwa vitabuni na umeme wa jua uliozalishwa adhuhuri, pengine hata katika nchi nyingine. Kuna pia hesabu inayotazama gridi (mtandao wa umeme) ya mahali kituo kilipo, yaani moshi uliotoka kweli. Omba zote mbili kwa maandishi. Kampuni inayotoa moja tu, tena ile inayoipendeza, imekunyima nusu ya jibu.

Simaanishi kwamba biashara ya Nairobi iyakimbie mawingu ya nje. Dashibodi ya mtoa huduma mara nyingi hukuruhusu kuchagua eneo ambamo data itakaa, na zipo nchi zenye gridi safi sana. Norway, kwa mfano, huzalisha karibu umeme wake wote kwa maji na upepo. Kumbukumbu za zamani ambazo hazifunguliwi kila siku zinaweza kukaa mbali bila hasara, mradi masharti ya sheria yetu kuhusu kuhamisha data ya watu nje ya nchi yametimizwa. Data inayotumiwa kila saa ni jambo jingine. Mnamo 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota kwa siku kadhaa, na ofisi ambazo faili zake zote zilikuwa ng'ambo zilisubiri. Kuweka data ya kazi humu nchini hutunza mazingira na shughuli za biashara kwa pamoja.

Tangazo la Mei 2024, ambapo Microsoft na G42, kampuni ya teknolojia ya Falme za Kiarabu, zilieleza nia ya kujenga kituo kikubwa cha data Olkaria kitakachoendeshwa kwa mvuke, linatia moyo sana. Mkataba unaoutia sahihi leo, hata hivyo, uandikwe kwa kutegemea vituo vilivyopo na umeme unaotumika leo.

Kuna jambo moja dogo ambalo miongozo ya nje haiwezi kulijua. Mahitaji ya umeme nchini hupanda sana kati ya saa moja na saa nne usiku, watu wanaporejea nyumbani, na hapo ndipo mitambo ya mafuta huitwa kusaidia. Usiku wa manane mahitaji hushuka kiasi kwamba sehemu ya mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani bila kuzalisha chochote. Nakala rudufu, uchunguzi wa diski na ubanaji wa video ni kazi zinazoweza kusubiri, hivyo zipangiwe kuanza saa saba usiku badala ya saa moja jioni. Wateja wakubwa wa Kenya Power walianzishiwa bei nafuu ya usiku Desemba 2017. Kama kampuni yako iko katika kundi hilo, ratiba hiyo itaonekana hata kwenye bili.

Chumba cha seva ofisini

Ikiwa gridi yetu ni safi hivyo, mtu anaweza kudhani kwamba seva ya ofisini Westlands au Upper Hill haina dhambi yoyote. Dhambi zake ni mbili: kiyoyozi na jenereta.

Seva inayotumia wati 400 muda wote hutumia uniti 3,504 kwa mwaka. Kiyoyozi kilichowekwa ili kukipoza chumba hicho pekee kikitumia nusu ya kiasi hicho, jumla inafika uniti 5,256. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni ya wastani kwa sehemu kubwa ya mwaka, ilhali vifaa vya kisasa vya data vinapendekezewa hewa ya kati ya nyuzi 18 na 27 za selsiasi. Bado viyoyozi vingi vya vyumba vya seva vimewekwa nyuzi 18 au hata 16, kana kwamba tuko pwani mwezi wa Februari. Pandisha kiwango hadi nyuzi 25, ziba mianya inayochanganya hewa ya moto na ya baridi, kisha pima. Mara nyingi feni inayotoa hewa ya moto nje inatosha kwa kifaa kidogo, na kiyoyozi kinaweza kuondolewa kabisa.

Jenereta ni tatizo zito zaidi. Lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi, na jenereta ndogo hutoa kama uniti tatu kwa lita hiyo, yaani karibu gramu 900 kwa kila uniti. Kwa hiyo kila saa ambayo data inategemea jenereta inaharibu faida yote ya mvuke na upepo iliyotangulia kuelezwa. Tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima kwa saa nyingi, majengo mengi ya jiji yalinguruma usiku kucha. Ofisi yenye kifaa cha kuhifadhi kinachotumia wati 40 haikuhitaji ngurumo hiyo, kwa sababu betri ya wastani ya UPS (kifaa kinachoshikilia umeme unapokatika) ingekiendesha kwa muda wa kutosha kumaliza kazi na kukizima salama. Ndiyo sababu ninapendekeza kwamba biashara inayobakiza data ofisini ibakize kidogo: kifaa kimoja cha kuhifadhia data kwenye mtandao wa ofisi chenye diski mbili hadi nne, kinachotumia uniti kama 350 kwa mwaka, kikisaidiwa na betri na, paa likiruhusu, paneli za jua. Hiyo inatosheleza mahitaji ya ofisi nyingi za wanasheria, wahasibu, wachapishaji na wauzaji wa jumla.

Kinachozidi hapo kipelekwe kwenye kituo cha data.

Kuuliza kituo cha data maswali yanayofaa

Nairobi ina vituo kadhaa vya data vya kukodisha, vingine vikiwa kando ya Barabara ya Mombasa, ambako biashara inaweza kukodi nafasi ya seva yake au kununua huduma ya wingu la humu nchini. Wauzaji wao ni watu wenye adabu na brosha zao zina majani mabichi mengi. Ulizia takwimu.

Ya kwanza ni PUE, kipimo kilichoasisiwa na muungano wa The Green Grid mwaka 2007 ambacho hugawanya umeme wote unaoingia kituoni kwa umeme unaofika kwenye mitambo ya kompyuta yenyewe. Kituo chenye PUE ya 1.5 hutumia nusu uniti kwa ajili ya kupoza na mengineyo kwa kila uniti moja inayofanya kazi ya data. Wastani wa dunia umekuwa ukizunguka 1.6 kwa miaka mingi, nao vituo vikubwa vya Google huripoti takriban 1.1. Uliza kipimo cha mwaka mzima uliopita kilichopatikana kwa mita, wala usikubali kile cha michoro ya wahandisi. Kituo kipya kilichojaa robo tu huwa na PUE mbaya hata kama kimejengwa vizuri, na muuzaji mkweli atakueleza hivyo mwenyewe.

Ya pili ni maji. Baadhi ya mifumo ya kupoza huvukiza maji ili kuokoa umeme, na kipimo chake ni lita kwa kila kilowati-saa. Katika mji ambao sehemu kubwa ya maji yake hutoka bwawa la Ndakaini na ambao mitaa yake mingi hupata maji kwa mgao, kituo kinachojivunia PUE ndogo huku kikinywa maji ya mfereji kinastahili kuhojiwa. Uliza maji hayo ni ya mvua, ya kisima au ya mfereji, na kama yanarudishwa kutumika tena.

Ya tatu, lita ngapi za dizeli zilichomwa mwaka uliopita, yakiwemo majaribio ya jenereta ya kila mwezi. Swali hili huwashangaza wengi, ila linajibika kwa urahisi kwa sababu risiti zipo. Kwa maoni yangu, katika nchi yenye gridi kama yetu, jibu hili linaonyesha uchafuzi wa kituo kuliko PUE yenyewe.

Vyeti vya ISO 14001 na ISO 50001 vina maana, kwa kuwa vinaonyesha kwamba kuna utaratibu wa kusimamia mazingira na kawi na kwamba kuna mkaguzi anayefika. Havisemi kituo kinatumia kiasi gani. Viwe nyongeza ya takwimu.

Ukichagua huduma ya wingu, ya hapa au ya nje, tenganisha pia data kulingana na matumizi. Faili za kazi za kila siku zikae kwenye tabaka la haraka. Zile ambazo hazijafunguliwa kwa miezi sita zishushwe kwenye tabaka la kumbukumbu, ambalo hutumia vifaa vichache na vya taratibu. Soma masharti kabla ya kuzishusha, kwa maana baadhi ya huduma hutoza siku 180 hata ukifuta baada ya wiki mbili, na kuirejesha faili kunaweza kuchukua saa 12. Mkaguzi wa ushuru akisimama mapokezi, saa 12 ni nyingi.

Vifaa vyenyewe

Kwa kuwa umeme wetu ni safi kiasi, sehemu kubwa ya madhara ya hifadhi ya data Nairobi iko kwenye utengenezaji wa vifaa, ambao ulifanyika kabla havijafika bandarini Mombasa. Jambo hili hubadilisha ushauri. Nchi inayochoma makaa inaweza kuwa na sababu ya kutupa diski za miaka mitano ili kununua zinazotumia umeme mdogo. Kwetu sisi, mara nyingi ni bora kuendelea na iliyopo.

Diski za SSD hutumia umeme mdogo na hazina sehemu zinazozunguka, kwa hiyo husifiwa kuwa rafiki wa mazingira. Sifa hizo zina mipaka. Kutengeneza chipu zake huhitaji umeme mwingi sana, na makadirio ya watafiti yaliyotolewa mwaka 2022 yaliweka kaboni ya utengenezaji kwenye gramu 160 kwa kila gigabaiti, ambazo kwa terabaiti moja ni kilo 160, sawa na kuchoma lita 60 za dizeli. Diski za sahani zinazozunguka ziko chini sana ya hapo kwa kila terabaiti. Basi SSD zitumike panapohitajika kasi: hifadhidata ya mauzo, mfumo wa uhasibu, kompyuta za wafanyakazi. Kumbukumbu, video za kamera na nakala rudufu ziwekwe kwenye diski kubwa za kuzunguka, na ni heri diski mbili za terabaiti 12 kuliko sita za terabaiti 4, kwa sababu kila diski, iwe kubwa au ndogo, hula wati kadhaa ikiwa inazunguka.

Kwa taasisi yenye mamia ya terabaiti, kama kituo cha televisheni au hospitali kubwa yenye picha za eksirei za miaka mingi, tepu ya sumaku bado ni chaguo lisilo na mpinzani. Kaseti moja ya LTO-9 hubeba terabaiti 18 na, ikiwa rafuni, haitumii umeme hata chembe. Mashine ya kuisomea ni ghali, hivyo kwa biashara ndogo haina maana.

Kuhusu vifaa vilivyotumika, soko la kompyuta za ex-UK limeifaa Nairobi kwa muda mrefu na sioni sababu ya seva kutengwa. Seva iliyokarabatiwa haihitaji kutengenezwa upya, na hiyo ndiyo faida yake. Diski zichunguzwe kwa uangalifu zaidi: agiza usomewe saa ilizofanya kazi na idadi ya sehemu zilizoharibika kabla ya kulipa, na ukatae diski ambayo kumbukumbu hizo za utendaji wake zimefutwa. Diski iliyotumika iwe nakala ya pili, isiwe ya pekee. Epuka vifaa vya flashi vya bei ya kutupa vinavyodai ukubwa usioaminika, kwani vingi hughushiwa na huishia kuwa taka na hasara ya data kwa wakati mmoja.

Usipunguze nakala hadi ukahatarisha biashara. Nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa nje ya jengo, ni kanuni iliyokwisha kuthibitika, na mazingira hayaokolewi na kampuni iliyofilisika kwa moto au kwa wahalifu wa mtandaoni. Kinachofaa kupunguzwa ni nakala ya nne hadi ya tisa, zile zilizozaliwa kwa sababu hakuna aliyeamini kama ya kwanza inafanya kazi. Jaribu kurejesha faili kutoka nakala rudufu kila robo mwaka, na imani itapatikana bila diski za ziada.

Mkataba, na mwisho wa kifaa

Yote uliyoahidiwa kwa mdomo yaingizwe kwenye mkataba: eneo ambamo data itakaa na kwamba halitabadilishwa bila idhini yako, ripoti ya kila mwaka ya PUE, maji, dizeli na kaboni kwa hesabu zote mbili, ya mikataba na ya gridi, haki ya kuondoka na data yako katika muundo unaosomeka kwingine, na muda ambao mtoa huduma ataifuta baada ya kuondoka kwako pamoja na uthibitisho wa maandishi. Kwa vifaa vya ofisini, omba dhamana ya miaka mitano na upatikanaji wa vipuri, hasa diski na pawa saplai.

Kifaa kikifika mwisho kabisa, usikiache stoo wala usikikabidhi kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo; zilizobaki huchomwa, huzikwa au huvunjwavunjwa na vijana wasio na glavu. Kama diski ilisimbwa kwa njia fiche tangu mwanzo, kuharibu ufunguo wake kunatosha kuifanya isisomeke, na diski nzima inaweza kuuzwa au kutolewa kwa shule. Kama haikusimbwa, iandikwe upya yote kwa programu ya kufutia. Kupondwa kubakizwe kwa diski zilizokufa au zenye siri nzito, kwa kuwa diski iliyopondwa haifai tena kwa kazi yoyote. Kwa sababu hiyo washa usimbaji siku kifaa kinapofunguliwa kwenye boksi.

Nairobi ina warejelezaji rasmi, mmojawapo ukiwa WEEE Centre ulioko Utawala. Yeyote utakayemchagua, mwombe leseni yake ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, kabla gari halijapakiwa, na betri za UPS zenye risasi zihesabiwe kando. Mpe orodha yenye nambari ya utambulisho (serial number) ya kila diski, alinganishe pamoja nawe wakati wa kupokea, kisha akupe cheti cha uharibifu au urejelezaji chenye nambari zilezile. Kiweke cheti hicho kwenye faili moja na lile jedwali la muda wa kuhifadhi, kwa kuwa Kamishna wa Data akiuliza data ya wateja wa zamani ilikwenda wapi, ni hati hizo mbili zitakazosomwa pamoja.